Punda wa Kangemi na Bei ya Maji



Niliombwa nizungumzie haki za wanyama na jinsi zinavyofungamana na haki za watu. Mkiniruhusu nitazungumzia punda, maana tembo ana wasemaji wengi.

Januari, jua likiwaka, nilikuwa kando ya Waiyaki Way hapa Nairobi, upande wa mtaa wa Kangemi, nikaona punda ameanguka. Gari alilolivuta lilikuwa na mitungi 20 ya maji, kila mtungi lita 20. Hesabu yake nyepesi: kilo 400, na gari lenyewe hujalipima. Kijana aliyekuwa naye alimvuta masikio, kisha akachukua fimbo. Watu wakajaa. Mama mmoja alishuka kwenye gari lake akamfokea kijana hadi sauti ikamkauka. Mwingine alitaka polisi waitwe. Simu zikatoka mifukoni. Nami nilimkasirikia yule kijana, siwafichi. Tulipokwisha kumfungua punda na kushusha mitungi, mzee mmoja muuza miwa ndiye aliyeuliza jambo ambalo sote tulilipita: "Mabomba ya kule chini yamekauka siku ya ngapi leo?"

Ilikuwa siku ya tisa. Tukaja kujua pia kwamba punda hakuwa wa kijana. Alimkodi kwa siku, na jioni alipaswa kumpelekea mwenye punda fedha zake, awe ameuza maji au hakuuza. Ndiyo maana mitungi ilikuwa 20 badala ya 12. Kidonda kilichokuwa begani pa yule mnyama, pale mkanda unaposugua, kilichimbwa na mambo mengi kabla ya fimbo kufika.

Sheria tunayo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliandikwa kabla ya Uhuru. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana jeraha. Anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi shilingi 3,000, au hufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Sasa ilinganishe na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kama ilivyopitishwa: ukimuua tembo au kifaru, faini haikupungua shilingi milioni 20, na kifungo kiliweza kuwa cha maisha. Silalamiki kwamba tembo amepewa kinga. Ninachosema ni kwamba mnyama anayeletewa watalii amepata sheria kali, na mnyama anayeletea maskini maji amebaki na sheria iliyozeeka. Na hiyo iliyozeeka, ikitumika barabarani, ni rahisi imkamate mkodishwaji na kumwacha mkodishaji. Faini ya 3,000 si kitu kwa tajiri. Kwa kijana wa Kangemi ni mapato ya siku nyingi, na asipokuwa nayo, ni jela.

Hapa inafaa turudi nyuma kidogo, kwa sababu Mkenya anaposikia "tunatetea wanyama" ana haki ya kuuliza: dhidi ya nani? Serikali ya kikoloni ilimpa mgeni leseni ya kuwinda na kumwita mwenyeji jangili kwa uwindaji ule ule wa babu zake. Mwaka 1938, ikidai kuokoa udongo wa Machakos usiendelee kumomonyoka, ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao. Wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kinahitaji ng'ombe wa bei ya chini. Mkamba mmoja, Muindi Mbingu, akawaongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, wakaja Nairobi kudai mifugo yao na wakakataa kuondoka. Yeye alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini unyang'anyi ulisimamishwa. Leo mtaa wenye jina lake unapita mbele ya City Market, na wauza nyama wa pale wanamtaja kila siku wanapowaelekeza wateja.  

Kwa hiyo mwanaharakati wa wanyama anayetoka mtaa wa wenye nacho wa Mountain View akashuka Kangemi na hotuba asishangae akitazamwa kwa jicho la shaka. Jicho hilo lina historia.

Hata hivyo, katika miaka hii kumi na ushee iliyopita Kenya imetupa mfano wa harakati iliyoanzia upande mwingine kabisa, kwa wenye wanyama wenyewe. Mwaka 2012 punda aliingizwa rasmi katika orodha ya wanyama wanaoruhusiwa kuchinjwa kwa nyama. Kuanzia 2016 vichinjio vikafunguliwa Mogotio na Naivasha, kisha Turkana na Machakos. Nyama haikuwa shabaha kubwa. Ngozi ndiyo iliyotakiwa, ichemshwe itolewe jelatini ya kutengenezea ejiao, dawa ya jadi ya Uchina inayouzwa ghali. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, ambalo makao yake makuu yako Loresho hapa jirani, lilihesabu punda zaidi ya 300,000 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Likasema wazi kwamba uchinjaji ulikuwa unaupita uzazi kwa mbali. Punda jike hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Hata ungetaka kumfuga kama kuku, mwili wake hautaki. Sensa ya 2009 ilikuta punda wapatao milioni 1.8 nchini. Ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2.

Takwimu hizo zilitanguliwa na wizi. Bei ilipopanda, punda wakaanza kutoweka usiku, na wenyewe wakikuta mabaki porini yamechunwa ngozi. Walioumia kwanza ni wanawake wachota maji, kwa sababu punda akiibwa mtungi haupotei: unahamia mgongoni. Mtoto wa kike aliyekuwa shuleni anaitwa nyumbani asaidie. Wenye punda wakaanza kulinda mabanda usiku, wakaandamana, wakapeleka malalamiko, na mashirika ya ustawi wa wanyama yakasimama nyuma yao. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, akapiga marufuku uchinjaji. Mwaka uliofuata kampuni moja ya kichinjio ikashinda kesi katika Mahakama Kuu, Naivasha, marufuku ikaondolewa, mambo yakarudi kwenye mvutano. Lakini Februari 2024, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Nawaomba mtafakari nani alikuwa mtetezi wa haki za wanyama katika kisa hicho. Mama mchota maji aliyelinda banda lake usiku hakuwa na kadi ya shirika lolote. Alikuwa anatetea maji yake, muda wake, masomo ya binti yake, na katika kufanya hivyo akamwokoa punda. Ukimwambia achague kati ya haki ya punda na haki yake hatakuelewa, maana kamba ni moja.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Wengine mnaweza kwenda kwa miguu. Pale kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuna taasisi yenye jina la Wangari Maathai. Wengi tunamkumbuka kwa miti. Tunasahau kwamba alikuwa mwalimu wa anatomia ya mifugo. Miaka ya sabini alikwenda mashambani kutafiti kupe wanaoambukiza ng'ombe homa ya pwani ya mashariki. Huko akawaona ng'ombe waliokonda hadi mbavu zinahesabika, mito imegeuka tope, wanawake hawana kuni. Akaona kwamba kupe peke yake hakutosha kueleza hali ile. Mwaka 1977 harakati yake ya kupanda miti, Green Belt Movement, ikazaliwa. Ikamfikisha Uhuru Park 1989 kuupinga mnara wa ghorofa 60 uliokusudiwa kujengwa humo, ikamfikisha mwaka 1992 katika mgomo wa akina mama waliodai wana wao waliofungwa kwa siasa, halafu katika kuutetea Msitu wa Karura. Njia hiyo yote ilianza kwa mtu kumtazama ng'ombe vizuri na kuuliza kwa nini amekonda.

Najua pingamizi linalosubiri kipindi cha maswali: watu wana njaa, nanyi mnalilia punda? Ni hoja nzito na siidharau. Lakini nimegundua kwamba mara nyingi asemaye hivyo hana punda wala njaa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kilo 400 za maji ni nyepesi sana ukizitazama kupitia dirisha la gari.

Basi tufanye nini hapa mtaani? Nimesikia katika mkutano mmoja pendekezo la kuzuia magari ya punda yasipite kwenye mitaa yetu kwa sababu yanachafua barabara na "yanatesa wanyama". Hilo ni kumfukuza punda machoni petu na kumwacha na kidonda chake. Mimi nina mapendekezo mengine, madogo. Madaktari wa mifugo wanafundishwa Kabete, mwendo mfupi kutoka hapa. Tuombe siku moja ya kila mwezi wanafunzi na walimu wao watibu punda wa Kangemi na Kawangware, nasi tuchange dawa na mikanda yenye pedi. Wachukuzi waunde kikundi chao na wajadiliane na wenye punda kuhusu kodi ya siku, ili mitungi 12 itoshe kumlipa mtu. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni: tuombe Sura ya 360 iandikwe upya, imwongezee jukumu mwenye mnyama, lisibaki kwa anayeshika hatamu peke yake. Na ratiba ya maji ya Kangemi tuidai sisi sote, hata sisi wenye matangi ya lita 5,000 juu ya dari.

Yule kijana wa Januari nimemtafuta. Leo amekuja na mwenzake, wamekaa mstari wa nyuma karibu na mlango, kwa sababu punda wamefungwa hapo nje na hawapendi kuwaacha mbali. Mwenyekiti, naomba maswali yaanzie kwao.