Kijiji Kinaamua Nini? Sera za Serikali na Uhai wa Mkutano wa Kijiji Tanzania

Katika halmashauri nyingi za wilaya nchini lipo lalamiko moja lisiloisha: wananchi hawahudhurii mikutano ya kijiji. Maofisa husema watu wamekuwa wazito, vijana wote wako kwenye bodaboda, na wazee wamechoka kuitwa. Dawa inayotajwa karibu kila mara ni elimu ya uraia, yaani semina, vipeperushi na gari la matangazo. Mada hii inaliangalia tatizo kwa upande mwingine. Mkulima mwenye palizi inayomsubiri huzipigia hesabu saa tatu za kukaa chini ya mwembe kama anavyoipigia hesabu mbolea, na akiona ajenda nzima ni taarifa zilizoshuka kutoka wilayani, atabaki shambani kwake, na sioni kosa lake. Mahudhurio yanatuambia kijiji kimeachiwa kuamua nini. Ninachotetea hapa ni kwamba uhai wa jamii za vijijini hujengwa au kubomolewa na sera zinazogawa maamuzi, kuliko na hamasa ya viongozi au tabia ya watu. Ushahidi wangu mkubwa unatoka Shinyanga, mkoa ambao zamani ulibeba pia sehemu kubwa ya Simiyu ya leo.

Wasukuma wa mkoa huo wana desturi ya ngitili. Mvua zinapoanza, eneo la malisho hufungwa na mifugo haiingii; nyasi hukua, miti huchipua, na kiangazi kinapokaza eneo hufunguliwa kidogo kidogo, kipande baada ya kipande, kwa ajili ya ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wazee wasioweza kutembea mbali. Jambo hili ni jepesi kulieleza na gumu kulisimamia. Linahitaji mtu anayejua mpaka uko wapi, jirani atakayepiga kelele akiona ng'ombe wameingizwa usiku, na chombo cha kutoza faini ambacho uamuzi wake hautapuuzwa. Chombo hicho kilikuwa dagashida, baraza la kimila ambamo kanuni zilitungwa na wakosaji walihukumiwa. Ngitili, kwa hiyo, iliwapa watu sababu ya kukutana mara kwa mara, kubishana na kufikia mwafaka. Tukiiona kama njia ya kuhifadhi nyasi tu, hatutaelewa kilichoharibika baadaye.

Uharibifu wenyewe haukuanza na uhuru. Serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ya Usukuma ili kuwaondoa mbung'o, na baada ya hapo ikahimiza pamba, ambayo ilimeza maeneo mapana. Lakini hata katika kipindi hicho wakulima walipata pa kuamulia mambo yao. Vyama vya ushirika vya pamba vilivyoanza miaka ya 1950, Paul Bomani akiwa miongoni mwa waasisi, viliunganishwa mwaka 1955 katika Victoria Federation of Cooperative Unions, na chama cha msingi kikawa mahali ambapo mkulima wa kawaida alimhoji katibu kuhusu mizani. Baada ya uhuru, uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya nazo zikavunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, ambao kwa kweli ulipeleka watumishi wa serikali kuu mikoani na kuwaacha wananchi bila madiwani wao. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na mwaka uliofuata operesheni ya kuwahamisha watu ikaifikia Shinyanga. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa. Ndani ya miaka minne tu, mkulima wa Shinyanga alipoteza diwani wake, makazi yake na chama chake cha msingi.

Kuhama kuliiathiri ngitili moja kwa moja. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja ikiwa na malisho yake karibu, zilikusanywa mahali pamoja na ngitili zikabaki mbali, bila wa kuzilinda. Anayeishi kilomita kadhaa kutoka kwenye malisho yake hawezi kujua ni nani ameingiza mifugo jana usiku. Tena umiliki wenyewe haukueleweka: ardhi ile bado ni ya fulani, ni ya kijiji kipya, au haina mwenyewe? Ardhi isiyo na jibu la swali hilo huliwa na kila anayeifikia. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimebaki ngitili za kiasi cha hekta 600 tu, na mkoa ukafika kuitwa Jangwa la Tanzania.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, au HASHI, ulianzishwa mwaka 1986 kwa msaada wa Norwei. Mwanzoni mradi huo ulifanya yale ambayo miradi mingi ya miti hufanya, yaani kuotesha miche ya kigeni kwenye vitalu na kuigawa. Matokeo yalikuwa hafifu. Mabadiliko makubwa yalikuja pale maofisa walipoamua kurudi kwenye ngitili, wakaziachia serikali za vijiji na dagashida kazi ya kuchagua maeneo, kuweka mipaka na kupanga faini, huku sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa vijiji, wakilinda. Katika kipindi kisichozidi miaka 20 ngitili zilienea katika vijiji 833, na eneo lililorejeshwa likazidi hekta 300,000. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 ilikadiria kwamba kuni, malisho, asali, dawa na mazao mengine ya ngitili yalikuwa na thamani ya kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Ardhi ni ileile, na watu wengi ni walewale waliokuwa wakisemwa kuwa hawana mwamko. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na kauli juu ya malisho.

Hapa pana pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Inaweza kudaiwa kwamba ongezeko la watu na mifugo, ukame, na bei ya pamba ndivyo vilivyoimaliza Shinyanga, na kwamba kuitupia sera lawama zote ni kurahisisha mambo. Nakubali kwamba mizigo hiyo ilikuwepo. Lakini haikupungua baada ya 1986. Watu waliendelea kuongezeka, ng'ombe pia, na mvua hazikuwa za kutegemewa zaidi kuliko zamani. Kama idadi ya watu ingekuwa ndiyo sababu kuu, misitu isingerudi katika miaka ileile ambayo watu walikuwa wakizidi.

Pingamizi la pili linatoka kwa watetezi wa vijiji vya ujamaa, nao wana haki ya kusikilizwa. Kukusanya watu ndiko kulikowezesha shule, zahanati na visima kuwafikia wengi kwa muda mfupi. Isitoshe, Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikipa kijiji hadhi ya chombo cha kisheria, chenye mipaka, halmashauri na uwezo wa kumiliki mali. Nchi nyingi jirani hazina kitu cha namna hiyo hadi leo. Operesheni iliyowahamisha watu kwa nguvu ndiyo pia iliyoacha umbo ambalo ngitili ziliweza kusajiliwa ndani yake, na kejeli hiyo ya historia inafaa kukumbukwa. Hata hivyo, kupewa umbo ni jambo moja na kupewa uamuzi ni jingine. Kijiji cha 1975 kilikuwa na mhuri na mwenyekiti, lakini mpango wa kilimo, bei ya zao na mahali pa kujenga nyumba vyote viliamuliwa kwingine. Kwa miaka kumi hivi umbo lile lilikaa bila kazi yake, na ndipo wananchi walipozoea mkutano wa kwenda kuambiwa.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa shida zaidi: kwamba maamuzi yakishushwa kijijini yanaangukia mikononi mwa wenye nguvu. Katika ngitili hilo limeonekana. Sehemu kubwa ni mali ya kaya binafsi, na wenye mifugo mingi na ardhi pana hufaidi kuliko mjane mwenye mbuzi wawili. Sungusungu nao, ambao waliibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe na wakatambuliwa na sheria mwaka 1989, wana historia ya kuwatesa watuhumiwa, wakiwemo akina mama wazee walioitwa wachawi. Mwenye kutetea mamlaka ya kijiji hana budi kuyabeba na hayo. Jibu langu ni kwamba kuyaondoa maamuzi kijijini hakumwondoi mwenye nguvu. Kunamhamishia ofisini, ambako mjane hafiki kabisa. Mkutanoni walau anamwona uso kwa uso, na majirani wanasikia. Kinachohitajika ni kanuni za kumlinda mnyonge ndani ya mkutano, kwa mfano viti vya wanawake katika halmashauri ya kijiji na haki ya kukata rufaa, ambazo sheria zetu tayari zinazo kwa kiasi fulani.

Tugeukie sheria hizo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inawaweka wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi katika mkutano mkuu wa kijiji, unaochagua halmashauri ya wajumbe kati ya 15 na 25. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri hiyo usimamizi wa ardhi, kwa idhini ya mkutano mkuu. Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, chini ya uenyekiti wa Issa Shivji, ilikuwa imependekeza zaidi ya hapo: milki ya msingi ya ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wenyewe. Serikali ilikataa, na ardhi yote ikabaki chini ya Rais kama mdhamini. Tofauti hiyo inajitokeza pale ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhawilishwa kuwa ardhi ya jumla. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu una uwezo wa kukubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri wa Ardhi ndiye anayeamua. Maana yake ni kwamba wanakijiji wana kauli ya mwisho juu ya shamba la wastani, na juu ya shamba kubwa litakalobadilisha maisha yao yote wanabaki kutoa maoni.

Fedha zimefuata mkondo huohuo. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na hakuna aliyelia, kwa sababu wanaume walikuwa wakikimbilia porini siku ya ukusanyaji. Ada ya sekondari na michango ya lazima mashuleni ilipoondolewa mwaka 2016, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliandikishwa, na huo ni ushindi usiopaswa kubezwa. Lakini mchango, kwa ubaya wake wote, ulikuwa na mkia wake: aliyetoa alidai mapato na matumizi yasomwe. Ruzuku inayotoka serikali kuu haimpi mzazi msukumo wa namna hiyo. Simaanishi kodi ya maendeleo irudishwe. Ninachosema ni kwamba sera ilipouondoa mzigo wa kulipa iliondoa na kitu ambacho watu walikibishania, bila kuweka kingine mahali pake. Mtendaji wa kijiji, naye, huajiriwa na halmashauri ya wilaya. Macho yake huelekea anakotoka mshahara.

Jaribio linalofuata tayari limeanza, nalo ni la hewa ukaa. Katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji vinane vinalipwa kwa kulinda misitu yao, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Kanuni za biashara hiyo zilitolewa mwaka 2022, na kampuni nyingi zinatafuta vijiji vya kuingia navyo mkataba. Mikataba ya aina hii hudumu miongo, ilhali mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa kwa miaka mitano. Napendekeza semina hii iiombe wizara inayosimamia kanuni hizo sharti moja la kuanzia: mkataba wowote wa hewa ukaa usomwe wote kwa Kiswahili katika mikutano mikuu miwili, miezi mitatu ikipita katikati, na kura ya kukataa iwe na nguvu hata kama eneo linazidi hekta 250. Kampuni zitasema muda huo ni mrefu. Kwa mkataba utakaowafunga watoto ambao hawajazaliwa, miezi mitatu ni michache.