KIPIMO KWANZA, SINDANO BAADAYE
(Hotuba ya kikundi cha wafumaji katika Sikukuu ya Miaka 10 ya Chama Kikuu)



Wenzetu wamekwisha kueleza habari za mazao, maghala na bei. Sisi twaleta jambo dogo kwa umbo, lakini si dogo kwa maana: namna ya kutunga kielelezo cha kufumia suruali ya mtoto mchanga.

Wako waliouliza kwa nini twafuma kwanza kipande kisichovaliwa na mtu. Wauliza kwa haki, maana uzi hununuliwa kwa fedha za wote.

Mfumo tuliouchagua twauita mfumo wa punje, kwa kuwa sura yake ni kama mtama ulioanikwa juani. Kitanzi kimoja hufumwa cha mbele, cha pili cha nyuma, hivyo mpaka mwisho wa safu. Katika kurudi, panapoonekana kinundu hufumwa cha mbele, na panapoonekana laini hufumwa cha nyuma. Vitanzi vikiwa witiri, kila safu huanza na kwisha kwa cha mbele, hata mfumaji mpya asipotee. Kitambaa chake hulala sawasawa wala hakijikunji pembeni. Lakini mfumo huu hutanuka kwa upana na kufupika kwa urefu kuliko mfumo laini. Basi hesabu ya huo haiwezi kutumiwa kwa huu.

Ndiyo sababu ya kile kipande. Hufumwa kwa uzi ule ule na sindano zile zile, sentimita 15 kila upande. Hufuliwa, hulazwa kikauke, kisha huhesabiwa vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati. Tuseme ni 20. Mtoto mwenye sentimita 48 nyongani, pamoja na nepi yake, atahitaji sentimita 24 mbele na 24 nyuma, yaani vitanzi 48 kila upande. Twaongeza 2 vya kuliwa na mshono, na 1 ili hesabu iwe witiri: jumla 51. Mwenye kukisia 22 badala ya 20 ataanza na 55, na suruali itazidi kwa sentimita 4 kuizunguka. Hiyo itamvuka mtoto. Na iliyokisiwa pungufu itambana mapaja. Mama aliyeinunua hatauliza ni nani kati yetu aliyeifuma. Atasema ni ya Chama, wala hatarudi.

Kisha nyuma huongezwa safu fupi, ili mtoto akiketi mgongo usiwe wazi. Msambani hutiwa kipande chenye pembe 4, apate kutambaa bila kubanwa. Kiunoni huachwa upindo wa kupitishia mpira, ili ukilegea ubadilishwe.

Kile kipande nacho hupimwa kwa mizani, na uzito wake hutuonyesha uzi utakaotosha suruali nzima, ili Karani asinunue pungufu wala ziada. Mwisho hufumuliwa, na uzi wake ukarudi kazini. Kilichopotea ni nini?

Jambo hili si geni katika ushirika. Mwaka 1844, mjini Rochdale, Uingereza, wanachama 28, miongoni mwao wafumaji wa nguo, walifungua duka lao wakashika sharti la bidhaa safi na vipimo kamili. Nasi wakulima wa kahawa twalijua chekeche: hutenga punje kwa ukubwa wake, si kwa jina la mwenye shamba.

Twaomba, basi, mambo 2. Kwanza, kielelezo kichapwe kwa Kiswahili, kwa kila umri wa mtoto, kigawiwe vyama vyote vya msingi. Pili, kila suruali ipimwe kwa utepe kabla ya kupokelewa, iwe imefumwa na mke wa kiongozi au na mwanachama aliyejiunga jana.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza: kibaba chenyewe sharti kiwe kamili.