Mwili Unapojifunza Hatua Mpya

MTANGAZAJI: Leo nina swali kwako wewe uliyepewa mguu wa bandia, ukauvaa siku mbili, kisha ukauweka chini ya kitanda ukisema haukufai. Je, mguu ndio mbaya, au mwili ulikuwa bado unajifunza?

Ziko mashine zinazovaliwa mguuni, zinazosaidia kusukuma kifundo au goti mtu anapotembea. Ni roboti za kuvaa. Huku kambini hatunazo, wala sizitaji ili kuwatamanisha. Nazitaja kwa sababu zimewawezesha wataalamu kupima jinsi mwili unavyozoea kifaa kigeni.

Mwaka 2007, Keith Gordon na Daniel Ferris wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lao. Watu wenye miguu mizima walivalishwa mashine kwenye kifundo, wakatembea dakika 30. Siku tatu baadaye wakarudia, dakika 30 nyingine. Mwanzoni walitembea vibaya. Mashine ilisukuma, na msuli wa shavu la mguu nao ukasukuma kwa nguvu zake za kila siku. Kifundo kikanyooka kupita kiasi, kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole. Polepole msuli ukatambua kwamba umepata msaidizi, ukapunguza kazi. Na siku ya pili, hapa ndipo panaponifurahisha, hawakuanza sifuri. Mwili ulikumbuka, wakazoea haraka zaidi.

Huko Kanada, Jessica Selinger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser walifanya jambo la kichokozi kidogo. Mashine yao ya goti iliifanya hatua ya kawaida ya mtu imchoshe zaidi, huku mwendo mwingine ukiwa mwepesi. Matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba watu walihamia mwendo ule mwepesi, hata kama nguvu iliyookolewa ni ndogo sana. Lakini wengi hawakuugundua wenyewe. Waling'ang'ania hatua yao ya zamani mpaka walipoongozwa kuonja hatua za haraka na za polepole.

Hao walikuwa watu wazima wa afya, na mguu wa bandia una magumu yake. Hata hivyo, wewe uliyeacha mguu wako chini ya kitanda, jaribu tena. Tembea muda mfupi mara kadhaa kwa siku, mahali tambarare, mtu akiwa karibu nawe. Mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe hatua fupi, ndefu, za haraka na za polepole. Ugumu wa siku za kwanza usikukatishe tamaa.

Maumivu ni habari nyingine, na hapo sikuambii uvumilie. Kila jioni ukiuvua, kagua ngozi, hata kwa kioo kidogo. Ukiona lengelenge, kidonda, au sehemu yenye joto iliyobadilika rangi na hairudi hali yake, acha kuuvaa na umwone fundi wa viungo bandia. Usiukate wala kuupasha moto nyumbani ili ukutoshe. Nenda nao pamoja na soksi unazouvalia, maana mara nyingi shida ni kubana au kulegea tu, na hilo fundi anaweza kulirekebisha.