DAWA YA MIAKA MITANO
Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu, akina Mama, na Wanachama wote wa Kalokol, Longech na pande zote za Ghuba ya Ferguson, pamoja na wageni wetu waliotoka Lodwar na Kakuma:

Tuliloagizwa kulieleza ni habari ya saratani ya matiti, na hasa habari ya vidonge ambavyo mgonjwa hupewa ameze kila siku baada ya kupasuliwa. Huenda wako watakaouliza kwa nini jambo la akina mama limeletwa katika baraza la wazee. Jibu letu ni hili: kidonge humezwa na mwanamke mmoja, lakini mbuzi wa kuuzwa ili ipatikane nauli huamuliwa na mwenye boma. Kwa hiyo, mama akiiacha dawa yake, mara nyingi hakuiacha peke yake.

Kwa makadirio ya shirika la kuchunguza saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watu zaidi ya 6,700 walipatwa na ugonjwa huu katika Kenya. Ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine zote nchini. Wanaume nao huweza kupatwa, ingawa ni wachache sana.

Daktari akiisha kuukata uvimbe, kipande chake hupimwa katika maabara. Saratani nyingi za matiti hustawi kwa homoni ya kike iitwayo estrojeni, kama mti wa kando ya Turkwel ustawivyo kwa maji yaliyo chini ya mchanga. Nyingine haziitegemei homoni hiyo, na kwa hizo vidonge tunavyovisema havifai kitu. Ndiyo sababu mgonjwa mmoja hupewa vidonge na jirani yake asipewe. Wala haifai mmoja kumgawia mwenziwe.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alitangaza kwamba wagonjwa wengine walipata nafuu walipotolewa vifuko vya mayai ya uzazi. Mwaka 1962 mkemia Dora Richardson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ICI huko Uingereza, alitengeneza dawa iitwayo tamoksifeni. Walikuwa wakitafuta dawa ya kuzuia mimba, na kwa kazi hiyo haikufaa. Lakini ilionekana kwamba hukaa mahali pale ambapo estrojeni ingeshika katika chembe za saratani, ikaifungia mlango. Tangu mwaka 1973 iliruhusiwa kutumiwa Uingereza kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Wanawake waliokwisha koma hedhi huweza kupewa dawa za namna nyingine, kama anastrozoli au letrozoli, ambazo hupunguza estrojeni yenyewe mwilini.

Faida yake imepimwa kwa maelfu ya wanawake. Kwa wale ambao saratani yao hutegemea homoni, kumeza tamoksifeni kwa muda wa miaka mitano hupunguza vifo vya ugonjwa huu kwa karibu theluthi moja, na faida hiyo huendelea miaka mingi baada ya kuacha. Mwaka 2012 ilitangazwa pia kwamba kwa wengine miaka kumi hufaa kupita mitano. Dawa yenyewe ni kidonge kidogo tu, wala haihitaji sindano wala kitanda cha hospitali. Kitu kigumu ndani yake ni hiyo miaka.

Ugumu huo si wa Turkana peke yetu. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, katika wagonjwa wanaotakiwa kutumia dawa kwa muda mrefu, ni kama nusu tu wanaozitumia kama walivyoagizwa. Basi yatupasa kuzitazama sababu zetu wenyewe bila kumlaumu mtu.

Sababu ya kwanza ni kupona. Mama hana maumivu, jeraha limefunga, amerudi kuanika samaki na kuteka maji. Huuliza, nameza dawa ya nini nami ni mzima? Lakini fisi akiisha kufukuzwa, hakuna mwenye mbuzi auondoaye uzio wa miiba kwa sababu usiku ule hakumwona. Chembe chache zaweza kubaki zimelala mwilini, na huamka hata baada ya miaka mingi.

Sababu ya pili ni njia. Kutoka Kalokol mpaka Lodwar ni yapata kilomita 60. Kutoka Kakuma ni yapata 120. Na kwenda Eldoret, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Moi, ni zaidi ya 300. Mwenye kufuata malisho, au mvuvi anayehamisha kambi, huenda vidonge vikamwishia mbali na zahanati.

Sababu ya tatu ni dawa yenyewe. Wengi hushikwa na wimbi la joto mwilini na jasho la ghafula, nalo katika jua letu huwa mzigo juu ya mzigo. Wanaotumia anastrozoli au letrozoli huumwa viungo. Mgonjwa na amweleze muuguzi, maana mengi ya hayo yaweza kupunguzwa, na dawa yaweza kubadilishwa. Ziko dalili za kwenda hospitali upesi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukatika kwa ghafula, au damu kutoka kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi.

Sababu ya nne twaisema kwa heshima, kwa kuwa inatuhusu sisi waume. Mtu aliyetoa ngamia, ng'ombe na mbuzi kwa ajili ya mke hutarajia watoto. Tamoksifeni haizuii mimba, na mimba ikiingia dawa yaweza kumdhuru mtoto. Kwa hiyo mke na mume hutakiwa kupanga uzazi kwa njia isiyo ya homoni. Wakitamani mtoto, na waende wote wawili kwa daktari waulize lini na vipi. Mke asilazimishwe kuchagua kwa siri kati ya kidonge na nyumba yake.

Wazee wetu wanakikumbuka kiwanda cha samaki kilichojengwa hapa Kalokol kwa fedha za Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kujengwa kilijengwa, na jengo lilikuwa imara. Lakini kugandisha samaki kulitaka umeme na maji safi kila siku, gharama zikashinda. Kisha maji ya ghuba yenyewe yakarudi nyuma. Upasuaji wa mama ni mfano wa jengo lile. Watu hukusanya fedha, huuza mifugo, humpeleka Eldoret, na kila mtu husifiwa. Kidonge cha kila siku ni mfano wa ule umeme na yale maji. Nacho hakina mchango wala sherehe.

Lakini upo mfano mwingine, nao ni wa kututia moyo. Kule Wajir, mwaka 1976, Annalena Tonelli, mwanamke Mwitaliani, alianza kuwatibu wafugaji wa kuhamahama waliokuwa na kifua kikuu. Wengi walisema mhamaji hawezi kumaliza dawa. Yeye aliwapa wagonjwa mahali pa kujenga vibanda vyao karibu na tiba, wakakaa kwa desturi zao, wakimeza dawa mbele ya mtu mpaka muda ulipotimia. Utaratibu wa namna hiyo ukafuatwa baadaye katika sehemu nyingine za wafugaji wa Kenya. Mhamaji hakubadilika, uliobadilika ni mpango. Kweli, kifua kikuu hutaka miezi, na ugonjwa wetu hutaka miaka, wala hatuwezi kumweka mama kibandani miaka mitano. Basi mpango wetu hauna budi kumfuata aliko.

Kwa hiyo twaweka mbele ya Mkutano mambo haya yaamuliwe:

Kwanza, kila mgonjwa anayekubali awe na mtu mmoja wa nyumbani aliyechaguliwa naye mwenyewe, ambaye atajua siku vidonge vitakapokwisha. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao Serikali iliwatuma vijijini kwa wingi tangu mwaka 2023, waombwe kuwa pamoja nao. Majina ya wagonjwa yasisomwe barazani.

Pili, itengwe sehemu ya mfuko wa Chama kuwa nauli ya kufuata dawa, kando na ile ya matanga na dharura. Na daktari aombwe, akiona yafaa, kutoa vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja.

Tatu, mwenye boma asihamishe watu wake kabla mgonjwa hajapata akiba ya dawa na kadi yake. Dawa ihifadhiwe pakavu, penye kivuli. Aliyesahau siku moja aendelee kesho yake kama kawaida, asimeze viwili pamoja.

Nne, kila nyumba iandikishwe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Bwana Mwenyekiti, mambo haya hayahitaji jengo jipya. Yahitaji mtu wa kuuliza, mwezi kwa mwezi, kama kidonge kipo. Twaomba wazee wayapime, na wakiyakubali yaandikwe katika daftari la Chama leo hii, ili mkutano wa mwakani utuulize yalivyotimizwa.