Mlango wa Jirani

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, imo amri ndogo ambayo wengi wetu huipita upesi. Aliyemkopesha mwenzake haruhusiwi kuingia nyumbani mwake kutwaa rehani. Sharti asimame nje, mwenye nyumba amtolee mwenyewe. Mdai anayo haki yake, wala Mungu hamnyang'anyi, lakini haki hiyo inakoma mlangoni.

Sisi wa Kariakoo na Gerezani twaijua thamani ya mlango. Chumba kimoja cha kupanga ndicho sebule, ndicho ghala la biashara, na pazia ndilo ukuta kati ya wazazi na watoto. Anapogonga mwenye cheo usiku, nani atauliza hati?

Yafaa kuuliza, kwa adabu. Katiba yetu, tangu haki za binadamu zilipoingizwa humo mwaka 1984, yalinda maskani ya kila mtu katika ibara ya 16. Haikusema raia peke yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 yataka hati ya upekuzi itumike kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu vingine, na kilichochukuliwa kiandikiwe stakabadhi. Iko nafasi ya dharura, naam. Lakini dharura si desturi. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 nayo yampa ofisa uwezo wa kumkamata bila hati anayeshukiwa. Kulinda mpaka ni kazi halali.

Lakini shaka hiyo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka uani kwetu. Wapangaji wamegombana kwa ajili ya maji, au muuza vitambaa ameona wateja wakihamia meza ya pili, na kesho yake neno "yule si wa hapa" limekwisha kufika ofisini. Tangu amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, neno hilo limepata hata uzito wa fedha. Mwaka 2001 serikali ilitamka kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyepata kuwa mbunge, si raia. Basi mama muuza vitumbua asiye na cheti cha kuzaliwa atajibu nini?

Makatekista, fungueni vitabu vya ubatizo juma hili. Cheti cha ubatizo hupokewa RITA kuwa mojawapo ya vielelezo vya anayechelewa kuandikisha kuzaliwa kwake, na wazee wengi wa jumuiya zetu ndogondogo hawajaambiwa.