Ukitetea Hijabu, Tetea na Yule wa Stejini



Vijana wenzangu wa Machakos, leo tuongee jambo tunalolikwepa. Hapa kwetu Waislamu ni wachache. Dada akipita sokoni na niqabu yake, anajua macho yanamfuata. Hilo tunalilalamikia, na tuna haki.

Mnaikumbuka kesi ya Isiolo. Wasichana Waislamu wa shule ya St. Paul's Kiwanjani walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki yao. Tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile, kwa sababu ya namna madai yalivyowasilishwa kortini. Tuliumia. Tukashika Katiba, kifungu cha 32, tukasema: imani ya mtu na vazi lake haviamuliwi na mwingine.

Sawa. Sasa turudi nyuma kidogo. Novemba 2014, jijini Nairobi, wanaume walimvua mwanamke nguo stejini mchana kweupe, eti kavaa vibaya. Tarehe 17 mwezi huohuo, wanawake wakaandamana katikati ya jiji chini ya kampeni ya #MyDressMyChoice. Na kuna ndugu zetu waliosema, "Alijitakia."

Jamani, hapo ndipo tunapojikata mguu. Anayemwambia dada yako "vua hiyo hijabu" na anayemwambia mwanamke stejini "utavaa ninavyotaka mimi" wote wanadai kitu kimoja: kwamba mwili wa mwenzao uko chini ya amri yao. Huwezi kumpinga mmoja ukamshangilia mwingine.

Najua kuna atakayeniuliza, "Kwani stara si wajibu?" Ni wajibu, hakuna anayebisha. Lakini fungua Surat An-Nur. Aya ya 30 inaanza na sisi wanaume: tuinamishe macho. Wanawake wanafuata kwenye aya ya 31. Wengi wetu tumeiruka ya 30 tukakimbilia ya pili. Na Surat Al-Hujurat inatukataza dharau, dhana mbaya na kuchunguzana.

Nasaha ina adabu zake. Anaitoa mtu anayekujua, pembeni, kwa upole. Kumpiga picha dada kwa siri kwa sababu buibui lake linabana, halafu kuituma kwenye grupu ya WhatsApp, hiyo ni kumwaibisha. Na yule kijana aliyekuja msikitini na jinzi iliyochanika, akakodolewa macho hadi akaona aibu, Ijumaa ijayo atarudi?

Kwa hivyo nawaomba mambo mawili. Picha kama hiyo ikikufikia, ifute, na umwambie aliyeituma aache. Pili, ukiona mwanamke anasumbuliwa stendi, simama upande wake, awe amevaa niqabu au sketi fupi. Kuwa shahidi. Tangu Desemba 2014 sheria iko wazi: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka 10.

Kesi nyingine ya hijabu itakuja, msidhani imeisha. Siku hiyo tutahitaji majirani wasio Waislamu wasimame nasi. Watatuuliza: wakati ule wetu alipovuliwa nguo, nyinyi mlisema nini? Tuwe na jibu, inshallah.

Wassalamu alaykum.