Mnara wa Roketi na Kreni Zinazousimamisha: Funzo kwa Walimu na Mafundi wa Kibondo na Kasulu

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya walimu wa sayansi na mafundi vyuma wa wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma

1. Utangulizi



Nimepewa jukumu la kuzungumzia ujenzi wa mnara wa kurushia roketi. Wengi wetu tukisikia roketi tunawaza moto na mwendo kasi. Leo naomba tuangalie kazi inayotangulia moto huo: kuinua chuma chenye uzito wa mamia ya tani, kukipandisha juu kuliko jengo lolote la mkoa huu, na kukikalisha mahali pake bila mtu kuumia. Hoja yangu ni moja. Ujuzi wa kuinua ndio unaosimamisha mnara wa roketi, na ujuzi huo unaweza kufundishwa hapa kwetu kwa hesabu za sekondari na vifaa vilivyomo kwenye karakana zetu.

2. Afrika imekwisha kurusha roketi

Tusidhani kwamba tunazungumzia mambo ya mbali. Pwani ya Kenya, kwenye ghuba ya Ungwana karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimika majukwaa mawili baharini katika miaka ya 1960. Moja liliitwa San Marco, la kurushia. La pili Santa Rita, la kuongozea. Nyaya zilizolazwa chini ya maji ziliyaunganisha. Tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka pale, na hadi Machi 1988 satelaiti tisa zilikuwa zimeondoka kwenye majukwaa hayo. Iliyovuma zaidi iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Fundi aliyepo hapa atauliza: waliinuaje roketi baharini? Roketi ya Scout ilikuwa na urefu wa takribani mita 23 na uzito wa takribani tani 20. Iliunganishwa ikiwa imelala ndani ya banda lililokuwa juu ya jukwaa, kisha mtambo wa kurushia ukaiinua taratibu mpaka ikasimama. Kwa kuwa hatua zake zote nne zilitumia fueli yabisi, hapakuwa na haja ya kuipandishia mabomba ya fueli, wala ya mnara mrefu. Ilikuwa roketi iliyoweza kusimamishwa kwa vifaa vilivyoweza kufikishwa baharini.

Jaribio jingine lilifanyika ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, iliyoanzishwa na Lutz Kayser, ilipewa na serikali ya Mobutu eneo kubwa mno katika jimbo la Shaba, ambalo baadaye liliitwa tena Katanga. Kituo kilikuwa juu ya uwanda unaoangalia bonde la mto Luvua. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977. Kayser alikusudia kutengeneza mirija mingi inayofanana, kila mmoja mwepisi na wa bei nafuu, kisha kuifunga pamoja iwe roketi moja kubwa. Roketi ya tatu, mwezi Juni 1978, ilishindwa mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Nchi jirani ziliingiwa na wasiwasi kuhusu shabaha ya mradi ule, na mwaka 1979 ukafungwa. Pamoja na hayo, kugawa mzigo mkubwa katika vipande vidogo vinavyofanana ni njia sahihi ya kihandisi, na tutaikuta tena mbele.

3. Mnara unaojengwa kwa kreni kubwa

Roketi za leo zimevuka mipaka ya Malindi. Huko Texas, Marekani, kampuni ya SpaceX ilijenga mnara wa takribani mita 146 kwa ajili ya roketi ya Starship. Kama ungejengwa kipande kimoja kimoja cha boriti, mafundi wakining'inia juu kwa kila bolti, kazi ingechukua miaka. Badala yake uligawanywa katika vipande vikubwa vyenye umbo la sanduku la chuma. Vilichomelewa chini, vikafungwa ngazi, mabomba na njia za nyaya vikiwa bado ardhini. Kisha kreni kubwa inayotembea kwa minyororo ikavipandisha kimoja juu ya kingine. Kipande cha juu kabisa kiliwekwa mwishoni mwa Julai 2021, miezi michache tu tangu cha kwanza kupandishwa. Mnara wa pili wa kituo hicho ulifuata mwaka 2024, na vipande vyake vilisafirishwa kwa tishari kutoka Florida.

Mnara wa kwanza ulifungwa mikono miwili mikubwa ya chuma. Tarehe 13 Oktoba 2024 mikono hiyo ilidaka sehemu ya chini ya roketi, yenye urefu wa mita 71, iliporudi kutoka angani. Mnara uliokuwa wa kuegemeza roketi umekuwa wenyewe kifaa cha kuinulia.

Zingatieni mpangilio wa kazi. Mhandisi anayechora mnara wa namna hii huanza kwa kujua kreni yake inaweza kuinua tani ngapi, kwa kimo gani na kwa umbali gani. Hapo ndipo anapojua mnara uwe na vipande vingapi. Nchini mwetu mara nyingi tunachora kwanza, tunachomelea, halafu siku ya kupandisha ndipo tunatafuta kreni au kukusanya vijana wa kuvuta kamba. Huo ni mpangilio uliopinduka, na gharama yake ni mikono na miguu ya vijana.

4. Hesabu za kuinua

Hapa naomba walimu wa fizikia mchukue kalamu.

4.1 Umbali. Kreni haiangushwi na uzito peke yake. Huangushwa na uzito ukizidishwa kwa umbali. Tani 10 zikining'inia mita 10 kutoka kwenye kitovu cha kreni zinaleta momenti ya tani-mita 100. Zisogeze hadi mita 20, momenti inakuwa 200, ingawa mzigo ni uleule. Kwa hiyo kreni inayomudu tani 10 kwa mita 10 itamudu chini ya tani 5 kwa mita 20. Nasema chini, kwa sababu mkono wenyewe nao umeinama zaidi na uzito wake unavuta kuelekea kulekule. Kreni ya Liebherr LR 11350 inatangazwa kuwa na uwezo wa tani 1,350, lakini uwezo huo unapatikana mzigo ukiwa karibu tu. Kila kreni ina jedwali la uwezo wake ndani ya kibanda cha opareta. Opareta asiyeweza kulisoma jedwali hilo hajaiva, hata kama ameendesha kreni miaka mingi.

4.2 Pembe ya kamba. Tuchukue mzigo wa tani 2 unaoinuliwa kwa kamba mbili zinazokutana kwenye ndoano. Kamba zikiwa wima kabisa, kila moja inabeba tani 1. Zikiwa na pembe ya nyuzi 60 kutoka mlalo wa mzigo, kila moja inabeba tani 1.15. Kwa nyuzi 45 ni tani 1.41. Kwa nyuzi 30 kila kamba inabeba tani 2 kamili, sawa na mzigo wote. Kanuni ni rahisi: gawanya uzito kwa mara mbili ya saini ya pembe. Mwanafunzi mwenye jedwali la trigonometria anaweza kuokoa maisha ya watu kwa hesabu hii. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba; fizikia inaongeza kwamba hata kamba nene hukatika ikifungwa kwa pembe iliyolala mno.

4.3 Ardhi. Kreni kubwa pamoja na vizani vyake vya kusawazisha ikiwa na uzito wa tani 1,000, na minyororo yake ikigusa ardhi kwa mita za mraba 40, kila mita ya mraba inabeba wastani wa tani 25. Mkono ukielekea upande mmoja, mzigo huo unahamia kwenye ncha ya mnyororo mmoja na shinikizo linapanda sana. Ndiyo maana wajenzi wa minara hushindilia ardhi, humwaga kokoto na kutandika mbao nzito au mabamba ya chuma kabla kreni haijafika. Katika milima yetu, ambako mvua huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi Mei, udongo uliokuwa mgumu Agosti unakuwa tope Desemba. Hata lori dogo lenye kreni mgongoni linaweza kupinduka mguu wake ukizama upande mmoja.

4.4 Upepo. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unasukuma bamba la mita moja ya mraba kwa nguvu ya takribani nyutoni 60. Ukifika mita 20 kwa sekunde, nguvu inakuwa takribani nyutoni 240. Kipande cha mnara kilichofunikwa mabati pande zote hugeuka tanga. Kazi husimamishwa kwa kipimo cha upepo kilichoandikwa kwenye mpango, bila kumsubiri mkubwa aamue kwa kuangalia mawingu.

5. Kigoma imekwisha kuifanya kazi hii

Mkoa wetu una ushahidi mkubwa ziwani. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kufikishwa Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Ilizamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Urefu wake ni takribani mita 71, sawa na ile sehemu ya roketi iliyodakwa Texas. Hapakuwa na kreni ya kuinua meli nzima. Walioiunga walifanikiwa kwa sababu kila kipande kilikuwa na uzito unaobebeka, kila kipande kilijulikana mahali pake, na kazi ilifuata utaratibu.

Ushahidi wa pili unapita kwenye vijiji vyetu. Nguzo za chuma za njia ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kigoma zimesimamishwa katika milima ya Kakonko, Kibondo na Kasulu. Mnara wa roketi unatumia elimu hiyohiyo: msingi wa zege, fremu za pembetatu zisizopinda kirahisi, bolti zinazokazwa kwa kipimo, na vipande vinavyopandishwa kwa zamu. Kijana aliyejifunza kukaza bolti za nguzo hizo kwa usahihi amekwisha kuanza safari ya kuelekea kwenye mnara wowote duniani.

6. Je, roketi zirushwe hapa?

Swali hili wanafunzi huliuliza, na linastahili jibu la kisayansi. Kasulu ipo nyuzi 4.6 kusini mwa Ikweta na Kibondo nyuzi 3.6. Mzunguko wa dunia unaipa roketi inayoondoka hapa ikielekea mashariki mwendo wa bure wa takribani mita 464 kwa sekunde. Cape Canaveral, Florida, inapata takribani mita 409. Kwa kipimo hicho tuna bahati. Lakini roketi hudondosha hatua zake zilizokwisha fueli, na mashariki yetu ni Tabora, Singida na Dodoma, yaani watu, mashamba na mifugo. Majukwaa ya Malindi yaliwekwa pale kwa sababu mbele yake ni Bahari ya Hindi. Nchi yenye pwani ndefu kama Tanzania ina mahali pa kufikiria siku ikiamua. Milima yetu ina wajibu wa kutoa mafundi na wahandisi.

7. Mapendekezo

Kwanza, shule za sekondari zifundishe momenti na pembe za kamba kwa majaribio ya vitendo. Mizani mbili za springi, kamba na jiwe vinatosha kuonyesha mabadiliko niliyoyataja.

Pili, karakana zetu ziwe na daftari la vifaa vya kuinulia: kila mnyororo, kamba ya chuma na pingu vikaguliwe na kuandikiwa uwezo wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndiyo yenye dhamana ya ukaguzi. Tuiombe ije kutufundisha kabla ajali hazijatuitia wakaguzi.

Tatu, kila kazi ya kupandisha chuma, hata kenchi za darasa au tangi la maji, iwe na mpango wa ukurasa mmoja: uzito, umbali, pembe, hali ya ardhi, kikomo cha upepo, na jina la mtu mmoja anayetoa ishara. Watu watatu wakimpigia kelele opareta mmoja, hakuna anayeongoza.

Nne, halmashauri ziwaombe wakandarasi wa barabara na njia za umeme wanaofanya kazi wilayani kupokea vijana kutoka vyuo vya ufundi, wajifunze upandishaji mahali unapofanyika. Mradi ukiisha bila kuacha fundi hata mmoja, tumepata nguzo na kupoteza shule.

8. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, nimeeleza kwamba mnara wa roketi ni jumla ya vipande vilivyopimwa, vikainuliwa na watu waliojua mipaka ya kreni yao. Hesabu zake ni za sekondari. Nidhamu yake ni ya kila karakana. Naomba semina hii isiahirishwe kabla ya kila shule na kila karakana iliyowakilishwa hapa kutaja mtu atakayesimamia mapendekezo haya na mwezi atakaoanza. Nipo tayari kupokea maswali, na kesho asubuhi tutafanya pamoja jaribio la pembe za kamba.